Moja kwa Kila Mashine

"Hivi wifi yako, anavuta?"

Jirani yetu aliniuliza hivyo asubuhi moja nikiwa naanika nguo. Yeye alikuwa upande wake wa ukuta, kidevu kakiweka juu ya matofali kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mtaa mzima tunamwita Redio, na mwenyewe hakatai. Nilikuwa nimeshika vibanio viwili kwa meno, nikavitoa kimoja kimoja ili nipate muda wa kufikiri.

"Avute nini?"

"Sigara, mama. Usinifanye mtoto. Juzi kanipita hapo getini, harufu ikabaki imesimama."

"Hiyo ni boila ya kule dobi, ile ya kuchemshia maji," nikamwambia. "Mtu anashinda kwenye boila kutwa nzima. Wewe ungeshinda kule ungenukia nini, waridi?"

Redio akacheka, akasema basi yaishe, yeye kauliza tu. Mimi nikaendelea kuanika, nikijiambia kwamba sijasema uongo, kwa sababu ni kweli wifi yangu alikuwa anashinda kwenye boila. Ndivyo nilivyoishi na jambo hili miaka ishirini na miwili. Mungu anisamehe.

Wifi yangu huyu ni mjane wa kaka yangu. Kaka alipofariki hawakuwa wamejaliwa mtoto, na nyumba waliyopanga ilikuwa ya kazini kwake, kwa hiyo nikaenda kumchukua mwenyewe. Alikuja na begi moja na ndoo moja. Mimi sikuolewa, nina vyumba viwili nilivyoachiwa na wazazi. Cha mbele ni changu, kina dirisha linalotazama barabara. Cha nyuma nikampa yeye. Nacho kilikuwa na dirisha zuri tu, mpaka Redio alipojenga ukuta wake. Sasa ukifungua dirisha la wifi unapata matofali, karibu kiasi kwamba unaweza kuyagusa ukiwa umelala. Niliwahi kumwambia tubadilishane vyumba. Akasema, "Wifi, mimi naondoka hakujapambazuka vizuri na narudi nimechoka. Dirisha la nini?"

Kazi yake ni dobi wa hospitali kubwa, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita. Mashuka yanakuja kwa toroli, yamefungwa mafundo. Yeye anayafungua na kuyachambua: yenye damu yanaenda kwenye maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto yanaipika damu na haitoki tena. Halafu mashine, halafu kukausha, halafu pasi ile ndefu ya kupitisha shuka zima. Kazini wanamwita Povu. Jina lilitoka mwaka ilipoletwa mashine ya kwanza. Kabla ya hapo walikuwa wanafua kwa mikono kwenye masinki ya saruji, na wifi, kwa mazoea, akamimina sabuni ya kipimo cha sinki. Povu likajaa chumba, likatoka mlangoni, likashuka korido mpaka kliniki ya macho. Anasema wagonjwa wa macho walidhani wamepona, wanaona mawingu.

Ndivyo alivyo. Maneno machache, lakini akisema utacheka njia nzima. Shuka anajua kulikunja mpaka ukidhani limetoka kiwandani, na hata nyumbani hakubali ukunje peke yako. Lazima muwe wawili, pembe kwa pembe, mnavuta, mnasogeleana, mnaachiana.

Mimi nilijua. Nitaliandika hili wazi, maana bila hili habari yake haieleweki. Mwaka wa kwanza tu tukiwa pamoja nilikuwa nafua aproni yake, nikakuta mfukoni kiberiti na punje za tumbaku kwenye mshono. Nikakitoa kiberiti kisilowe, nikakiweka kwenye ukingo wa dirisha lake. Jioni hakikuwepo. Tangu siku hiyo, kila nikifua aproni nakitoa kiberiti, nakiweka palepale, na yeye anakichukua. Hatukuwahi kusema neno. Niliona tumeelewana.

Mwingine angeishia hapo. Mimi nikaongeza yangu. Kwenye kikundi chetu cha sala cha Alhamisi akina mama wakilalamikia wifi zao, mimi nilikuwa nasema, "Mie namshukuru Mungu. Wifi yangu pombe haijui, sigara haijui, umbeya haujui." Nilikuwa naona nikisema mara nyingi, Mungu atalifanya liwe kweli. Na yeye yupo, amekaa benchi la nyuma, kapakata mkoba. Siku moja mama mchungaji akamwambia asimame, wasichana waone mfano. Akasimama. Akaangalia viatu vyake. Wakampigia makofi, na mimi nikapiga kuliko wote.

Kikohozi kilianza polepole. Kwanza tulisema ni ile dawa ya kung'arishia mashuka. Tukasema ni vumbi la mashuka makavu. Wakapima makohozi kutafuta kifua kikuu mara tatu, hakuna kitu. Alipoanza kupungua mpaka aproni inamzunguka mara mbili, wakamwandikia kliniki ya kifua, hapohapo hospitalini kwake. Wanataka kila mgonjwa aje na msindikizaji. Msindikizaji nikawa mimi, ningekuwa nani mwingine?

Chumba cha kujaza fomu ni kidogo sana. Kuna meza, kiti cha mgonjwa, na kigoda cha msindikizaji kimebanwa kati ya kiti na kabati, magoti yenu yanagusana. Aliyekuwa anauliza ni msichana mwepesi wa kuandika, wagonjwa wote wanamwita Dada wa Fomu. Akauliza umri, kazi, homa, jasho. Akafika kwenye sigara.

"Unavuta?"

Wifi akanigeukia. Mimi nikamtabasamia, nikidhani namtia moyo. Dada wa Fomu hakungoja jibu, nje ana foleni.

"Pakiti ngapi kwa siku?" akauliza, kalamu tayari.

"Pakiti?" Wifi akashtuka kweli. "Sijawahi kununua pakiti hata moja maisha yangu yote."

"Haya. Sifuri."

Akaandika sifuri, akageuza ukurasa. Nami nikaongeza, "Dada, huyu ni mtu wa Mungu."

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba wifi hakudanganya. Alikuwa ananunua moja moja, kwa mama wa kibanda aliye karibu na geti la nyuma la hospitali. Angewekwa mbele ya madhabahu aape, angeapa bila kutetemeka: pakiti sijanunua. Fomu ilikuwa na mahali pa pakiti, haikuwa na mahali pa mama wa kibanda.

Miezi mitatu ikapita, tukaitwa tena. Safari hii alikuwa kaka mwenye miwani, mpole, ana subira kidogo.

"Mama, tuseme siku thelathini zilizopita. Katika hizo, ni siku ngapi umevuta sigara, hata pafu moja?"

"Kaka yangu," nikamwambia, "huyu hata moshi wa kuni unamsumbua."

"Naomba ajibu mwenyewe, mama."

Wifi alikuwa amekunja leso yake, anaikunja tena na tena mpaka imekuwa kama kipande cha sabuni. "Siku... mbili tatu," akasema.

Nikageuza shingo. Sikutaka kuigeuza, iligeuka yenyewe.

"Zamani," akasema haraka. "Nilipokuwa msichana."

"Lakini nimeuliza siku thelathini."

"Hizo thelathini? Basi sifuri."

Yule kaka akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaandika. Niliona alichoandika kwa sababu magoti yangu yalikuwa chini ya meza yake: *aliwahi kujaribu*.

Tukapelekwa kwa daktari. Daktari ni mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Akaiweka picha ya kifua waliyompiga wifi kwenye kioo cha dirisha tuione. Kulikuwa na doa upande wa kulia, kama kifungo cha koti. "Inaweza kuwa kovu la zamani," akasema. "Inaweza kuwa kitu kingine. Picha hii haiwezi kuniambia. Ingetakiwa ile mashine kubwa, ile ya kulala ndani." Akaeleza kwamba mashine ile inachukua watu wachache tu kwa wiki, na orodha inapangwa kwa alama: umri, kupungua mwili, na zaidi ya yote sigara, ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi. "Kwa majibu yako, mama, uko chini kwenye orodha. Doa la namna hii kwa mtu asiyevuta, mara nyingi tunalisubiri. Tukuone baada ya miezi sita."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, palepale ofisini. Tulipotoka, wifi akashuka ngazi tatu, akaketi kwenye ya nne. Watu wakawa wanampita.

"Miezi sita," akasema.

"Si habari njema hiyo, wifi?"

"Ni habari njema, wifi," akanijibu, kwa sauti ile mtu anayoitumia kushukuru kiatu kisichomtosha. Akashika bomba la ngazi, akainuka.

Baada ya hapo hakumaliza hata wiki tano kazini. Siku alipoanguka karibu na pasi ndefu wakampa likizo, akabaki chumba cha nyuma, na lile dirisha lake la matofali. Hapo ndipo nilipoanza kumwona jinsi alivyo akiwa hana pa kutokea. Anakaa kitandani, anainuka, anafungua dirisha, anafunga. Anakuja mbele kwangu, ananikuta, anasema amefuata maji. Anarudi. Mara akasema anataka kwenda kunyoosha miguu, nikamwambia, "Ngoja nivae, twende wote." Nilimpenda sana wakati ule. Sikumwacha peke yake hata dakika kumi.

Akaniomba nimfuatie sweta na ndara zake kule dobi. Nikaenda. Nilikuwa sijawahi kuingia ndani hata siku moja. Joto lilinipokea mlangoni kama mtu. Fundi wa boila, mzee mfupi wanayemwita Bwana Mvuke, akanichukua mpaka nyuma.

"Vitu vya Povu viko kwenye ofisi yake," akasema, akicheka.

Ofisi ilikuwa nafasi kati ya boila na ukuta, upana wa mtu mmoja aliyekaa. Kulikuwa na ndoo imegeuzwa kuwa kigoda, nikaitambua: ni ile ndoo aliyokuja nayo kwangu, niliyodhani ilipotea. Sweta lilikuwa kwenye msumari. Chini kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye mchanga, na mchangani vipisi vimepangwa vimesimama, mstari kwa mstari, nadhifu kama anavyopanga kila kitu. Ukuta wa juu ulikuwa umepata rangi ya chai.

Nilisimama pale. Yule mzee akaona uso wangu.

"Kumbe hukujua?" akasema. "Mama yangu, basi mimi sijasema kitu."

"Sema tu, baba. Ni ngapi?"

"Povu ana ratiba kuliko hospitali. Anajaza mashine, anawasha, anakuja hapa, moja. Mashine ikizima anatoa mashuka, anajaza, anawasha, moja. Hajawahi kuvuta mashine ikiwa inamngoja." Akanionyesha ubao ukutani, ambako wanaandika kwa chaki idadi ya mizigo ya mashine. "Saba asubuhi, saba mchana. Kumi na nne. Jumatatu kumi na sita, kwa sababu ya mashuka ya Jumamosi na Jumapili."

"Na Jumapili yenyewe?"

"Hiyo mimi sijui. Jumapili anakuwa kwako."

Nilibeba sweta na ndara nikiwa naifikiria Jumapili. Jumapili wifi alikuwa anashinda na mimi, kanisani mpaka mchana, halafu kutembelea wagonjwa, halafu nyumbani. Na kila Jumapili, kuanzia mchana, alikuwa anaumwa kichwa. Kila Jumapili, miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nambandika mikono yangu kichwani na kuomba. Jumatatu anaamka mzima, anaenda kazini karibu anakimbia, nami nasema sala imejibiwa.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilivuka uwanja mpaka kliniki ya kifua, nikamkuta Dada wa Fomu dirishani.

"Andika kumi na nne," nikamwambia.

"Kumi na nne ya nini, mama?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hatuandiki ya msindikizaji. Kila mgonjwa hapa ana ndugu anayejua kuliko yeye. Wiki iliyopita mke wa mtu kaniambia mumewe anavuta pakiti tano kwa siku. Nikamuuliza, analala saa ngapi? Fomu hii ni ya mdomo wa mgonjwa mwenyewe, mama."

"Na mdomo ukiwa ulikosea?"

"Unarudia. Hakuna dhambi." Akaangalia daftari lake. "Orodha ya mashine kubwa inafungwa Jumanne. Baada ya hapo ni hiyo miezi sita mliyopewa. Mlete Jumanne, nitampangia muuguzi mkuu. Yule anauliza kwa kalenda. Hakuulizi ngapi, anakuuliza mwaka ule ulikuwa unaishi wapi, ulikuwa unafanya nini, nani alikufa, nani alizaliwa. Watu wanakumbuka wenyewe."

Siku ile mchana kulikuwa na nguo za kukunja. Mimi na wifi tukasimama chumba cha mbele, yeye na ncha zake mbili, mimi na zangu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea.

"Wifi, nimeingia nyuma ya boila."

Hakuachia shuka. Akalivuta likanyooka. "Umeona ile ndoo," akasema.

"Ndoo, na kopo pia."

Tukasogeleana, mikono ikakutana, akachukua ncha zangu, akarudi nyuma. Nikamweleza habari ya Jumanne. Nikamweleza habari ya kalenda. Nikasema tusiende mikono mitupu, tuhesabu kabisa hapahapa, mimi niandike. Nikachukua karatasi na ile penseli ninayoweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Kwa siku ni ngapi?"

"Kumi," akasema mara moja.

"Fundi kasema kumi na nne."

"Fundi anahesabu mashine, wifi. Mie kuna siku nilikuwa naikata, nusu mashine hii, nusu mashine ile. Halafu kuna siku umeme ukikatika mashine zinasimama kutwa. Ubaoni wanaandika mbili. Lakini siku hizo ndiyo nilikuwa navuta zaidi, maana utafanya nini?"

"Kwa hiyo niandike ngapi?"

"Andika... mtu hahesabu kitu anachokificha, wifi. Ukikihesabu utakiona."

"Jaribu. Wakati wa masinki, kabla ya mashine?"

Akafikiri. Aliyafumba macho, na nikaona midomo yake inahesabu. "Nne. Moja kila tukimwaga maji. Tulikuwa tunamwaga mara nne." Nikaandika nne. "Ilipokuja mashine ya kwanza, saba, nane. Ya pili ndiyo ikawa hivyo alivyokwambia mzee." Nikaandika. Alikuwa anasema vizuri sasa, karibu kwa furaha, kama mtu anayepokea salamu za watu aliowasahau. Akanichekesha hata, akasema siku ile ya povu alivuta mbili tu kutwa nzima, kwa sababu kila akiwasha kiberiti povu linamzimia.

"Na mwaka aliofariki kaka?"

Akasimama na shuka mkononi. "Mwaka ule usiniulize."

"Lazima tuujue, wifi. Wataujumlisha."

"Ishirini," akasema. "Ishirini na kitu. Nilikuwa nawasha hii kwa ile."

Nikashusha pumzi. Sikukusudia. Nilimwona moyoni kaka yangu mgonjwa kitandani na huyu nje nyuma ya ukuta anavuta, na pumzi ikanitoka.

"Au kumi na tano," wifi akasema, ananitazama usoni. "Labda kumi na mbili."

Nikaandika kumi na mbili. Nikaitazama ile namba. Kisha nikaitazama karatasi yote tangu juu, nikaona kwamba kila namba ilikuwa imepita usoni kwangu kwanza kabla ya kufika kwenye penseli. Machozi yakanijia, na kama kawaida yangu, nikakimbilia kwenye neno jema.

"Wifi, mimi nimekusamehe."

Alikuwa anatafuta pembe ya shuka. Akaipata, akailinganisha na pembe nyingine.

"Sijakuomba msamaha, wifi," akasema. Hakukasirika. Alisema kama anavyosema shuka hili ni la kitanda kidogo. "Wewe ulikuwa unakiweka kiberiti dirishani. Mie kila siku nikikikuta nilikuwa nasema, leo ataniambia. Angalau anitukane. Alhamisi unanisimamisha mbele ya watu."

"Mama mchungaji ndiye aliyekusimamisha."

"Kwa maneno ya nani?"

Tukamaliza shuka lile, tukachukua lingine.

"Na kile kichwa cha Jumapili?" nikauliza.

"Kilikuwa ni hicho. Kukosa sigara."

"Na mimi nilikuwa naomba."

"Uliomba vizuri. Mikono yako ni ya baridi. Ilikuwa inasaidia." Akanipa ncha zangu. "Vuta, limepinda."

Alhamisi sikwenda kwenye kikundi. Jumapili alibaki kitandani, nami nikabaki naye, na alipoinuka kwenda nje nilijizuia kwa nguvu zote nisimfuate. Nilihesabu mpaka mia mbili. Halafu nikaenda kuchungulia, nikamkuta amesimama kati ya choo na ukuta wa Redio, mikono mitupu, anaangalia juu tu. Akaniona. Akarudi ndani.

Jumanne tulitoka mapema. Redio alikuwa tayari kwenye kituo chake, kidevu juu ya matofali.

"Haya, wenzangu, safari ya wapi na baridi yote hii? Jirani, hivi wewe unaumwa nini hasa?"

Wifi alifungua mdomo. Naapa alifungua mdomo. Mimi nikawahi.

"Kifua tu. Vumbi la mashuka."

"Poleni," akasema Redio.

Tukaenda. Njia nzima niliongea mimi: kwamba asiogope, kwamba nitakuwa pembeni yake, kwamba akisahau namba mimi nitamkumbusha, karatasi ninayo. Alikuwa anasimama kila hatua kumi avute pumzi, na kila akisimama mimi naendelea kuongea.

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa. Mbele yetu alikuwepo dereva mmoja wa lori, mtu mnene, anawachekesha watu. "Mara ya kwanza wameniuliza nikasema tano," anasema. "Mara ya pili nikasema kumi. Leo nitawaambia ukweli, maana nimechoka kukumbuka uongo." Watu wakacheka. Wifi akacheka pia, akakohoa, akacheka tena. Dereva alipoingia alikaa muda mrefu. Alipotoka aliacha mlango wazi kidogo, nikaona ndani: muuguzi mkuu, mama mwenye mvi, kalenda kubwa imetandazwa mezani kama kitambaa, kiti cha mgonjwa, na kigoda cha msindikizaji, kimebanwa palepale, kinaningoja.

Namba yetu ikaitwa. Nikainuka kwanza, kama kawaida. Nikachukua mkoba wake, nikachukua bahasha ya ile picha yenye doa, nikatoa karatasi yangu ya hesabu kwenye kitabu cha nyimbo, nikamshika mkono kumwinua. Akainuka. Akachukua bahasha kutoka mkononi mwangu. Akachukua mkoba. Kisha akanitazama, si usoni kama alivyokuwa akinitazama siku ile ya mashuka, bali kwenye mkono ulioshika karatasi.

"Wifi," akasema, "naomba leo ubaki hapa nje. Na hiyo karatasi, baki nayo."